Juhudi za Kumpata Hazikuzaa Matunda

Wadau, nimekuwa kimya kwa muda na wengine mmeanza kuniulizia kwenye simu kama bado niko hai. Niko hai, niko hapa hapa Songea, na kilichoninyamazisha ni boti. Najua utacheka. Songea na boti wapi na wapi? Mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, maji yake ni ya mabombani na ya mto Ruvuma kule nje ya mji, na ziwa lenyewe liko mbali, unapita Peramiho, unapita Kigonsera, unafika Mbinga, halafu unateremka tena kilomita 66 za kona ndipo unaona bluu ya Mbamba Bay. Lakini mwezi Machi mwaka 2025 boti ilikuwa imeegeshwa kwenye gereji moja ya Mfaranyaki, juu ya tela, pua imeelekea kwenye banda la mama ntilie, na watoto wa shule walikuwa wanasimama kila jioni kuitazama kama tembo aliyepotea njia.

Mimi nilikwenda pale kwa shida zangu. Kigari changu, Toyota ya mwaka ambao sitautaja, kilikuwa kinalia kwa-kwa-kwa kila nikikata kona. Wenye magari mnaujua mlio huo. Fundi, ambaye ni jirani yangu Bombambili na kaka yangu kwa umri, aliinama, akapitisha kidole ndani ya rimu, akakitoa kimejaa grisi. "Raba ya sivijointi imepasuka, mwandishi. Umeendesha nayo muda gani?" Nikamwambia wiki mbili hivi. Akaniangalia tu. Zilikuwa wiki saba.

Basi nikakaa kwenye tairi kuukuu kumsubiri, na ndipo nikaanza kuiangalia ile boti vizuri. Ya faiba, nyeupe, urefu wake kama Noah mbili zilizofuatana, ubavuni ina mstari wa buluu uliochubuka. Nikainuka. Nikazunguka nyuma. Nikauona ule mstari mahali ulipokatika na kupakwa rangi isiyofanana, na moyo ukanipiga, kwa sababu picha ya ubavu huo niliipiga mimi mwenyewe, Juni 2023, boti ikiwa imekaa kitako chini ya maji ya Mbamba Bay na pua peke yake ikichungulia juu.

Niwaeleze kwanza habari yenyewe ilivyokuwa. Boti hii ilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja, ilikuwa inabeba wageni na mizigo midogo kwenda vijiji vya pwani ya ziwa. Usiku mmoja wa Juni ilizama ikiwa imetia nanga. Hakufa mtu. Nilikuwa Mbinga kwa habari ya kahawa, nikapigiwa simu, nikashuka. Mwenye boti alinipokea vizuri, akaninunulia soda, akanieleza kwamba mlinzi wake aliacha lindo akaenda kulewa, maji yakaingia, hakukuwa na mtu wa kuyachota. Dereva wa boti, pale wanamwita nahodha, alikuwa amesimama pembeni anatikisa kichwa kukubali. Nikapiga picha. Nikaandika aya nane. Mhariri akazipunguza zikawa sita, zikatoka ukurasa wa habari za mikoani, kichwa kikisema uzembe wa mlinzi wazamisha boti. Na aya ya mwisho, ambayo mhariri hakuigusa kwa sababu ni aya ambayo wahariri hawaigusi, ilisema hivi: juhudi za kumpata mlinzi huyo ili aeleze upande wake hazikuzaa matunda.

Ndugu msomaji, ukisoma magazeti yetu sentensi hiyo unaipita kama nguzo ya umeme. Sisi tunaoandika tunajua kwamba wakati mwingine ina maana mtu amepigiwa simu mara kumi na kugongewa mlango. Na wakati mwingine ina maana gari la kurudi lilikuwa linaondoka saa tisa.

Sasa turudi gereji. Nilimuuliza fundi boti imefikaje. Akasema yule mfanyabiashara aliiuza kama ilivyo, imekaa nchi kavu karibu mwaka na nusu, na aliyeinunua anaishi hapa Songea, hivyo akaona bora kuivuta huku, injini ifunguliwe yote mahali penye umeme na mchonga vyuma. Injini ilikuwa imekwisha kusafishwa na kufufuliwa. Kilichobaki ni mguu wa nyuma.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana wengi mmezoea boti zenye mashine ya kubandika nyuma, zile Yamaha za wavuvi unazoweza kuzivua na kuzibeba begani. Hii ni aina nyingine. Injini yake imekaa ndani ya boti, karibu na shetri, ni injini kama ya gari kabisa. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita kwenye tundu la ukuta wa nyuma, inaingia kwenye mguu ulioning'inia nje wenye gia na panga. Wamarekani na Waswidi ndio walioileta. Mmarekani Jim Wynne alikuja na wazo, kampuni ya Volvo Penta ikalitoa sokoni mwaka 1959, na likaenea dunia nzima kwa sababu linakupa injini kubwa ya ndani pamoja na mguu unaoweza kupinda kulia na kushoto na kuinuliwa ukifika maji mafupi.

Na hapo kwenye kupinda ndipo kwenye kazi. Shafti iliyonyooka haiwezi kupinda, kwa hiyo wameweka krosi, zile zile za propela shafti ya lori. Krosi inataka grisi na haitaki maji. Lakini iko nje ya ukuta wa boti, chini ya mstari wa maji. Basi wameifunika kwa raba nene yenye mikunjo mikunjo, inayovutika mguu ukiinuliwa na kujikunja ukishushwa. Babu mmoja anayeuza mkaa jirani na gereji aliiangalia akasema huo ni mvukuto, kama wa mhunzi, na kuanzia hapo gereji nzima ikaiita mvukuto. Ndani ya mvukuto ni pakavu, nje ni ziwa. Upande mmoja umebanwa kwenye mguu, upande mwingine umebanwa kwenye mwili wa boti kuzunguka lile tundu. Kwa maneno mengine, boti yote hiyo ina tundu nyuma, chini ya maji, linaloingia ngumi yangu na nafasi inabaki, na kinachozuia ziwa lisiingie ni kipande cha raba na klampu mbili.

"Ni raba ya sivijointi yako," fundi akasema huku ananionyesha. "Tofauti ni kwamba yako ikipasuka unapata kelele. Hii ikipasuka unaogelea."

Akanikaribisha nishike taa, maana kijana wake wa kazi alikuwa amekwenda Mbinga kwenye msiba. Nikavua saa nikashika taa. Nilikaa pale siku tatu, ofisini nikasema nafuatilia habari, na kwa kweli nilikuwa naifuatilia ingawa sikuwa nimemwambia fundi kwamba boti hii naifahamu.

Kufungua mguu si kazi ndefu kama nati hazijaganda. Hizi zilikuwa zimeganda. Alizimwagia dizeli usiku, asubuhi akazifungua moja moja kwa subira ya mtu anayevua samaki. Mguu ukatolewa kwa nyuma, wanaume watatu, ukalazwa juu ya matairi. Pini mbili kubwa zinazobeba ile bawaba zina kichwa cha ndani cha pembe sita ambacho spana yetu hakuna inayokiingia, akachukua boliti kubwa, akaichomelea nati mbili, akaigeuza kuwa spana. Nawapenda mafundi wa Songea. Mungu awazidishie.

Mguu ulipotoka tukaona krosi. Ilikuwa nyekundu kama udongo wa Peramiho. Beringi kubwa inayokaa kwenye lile tundu, ambayo shafti inapita katikati yake, ukiizungusha kwa kidole inakwaruza kama inasaga mchanga. "Hii ililia muda mrefu," akasema. "Mtu aliyekuwa anaendesha alisikia mngurumo kila akikata kona. Kama asingesikia, basi si dereva." Nikanyamaza. Nilimkumbuka nahodha akitikisa kichwa.

Halafu akaniambia leta taa chini zaidi. Nikainama. Mvukuto ulikuwa umechanika kwenye bonde la mkunjo wa tatu, mpasuko kama urefu wa kidole cha shahada. Lakini mpasuko haukuonekana mara moja, kwa sababu juu yake palikuwa pamezungushiwa kitu. Fundi akakikata kwa kisu akakivuta. Ulikuwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ambao sote tunafungia mizigo kwenye bodaboda, umezungushwa mara nne au tano, na juu yake waya wa kufungia nondo umesokotwa kwa koleo. Waya ulikuwa umeoza kwa kutu. Tyubu ilikuwa imeteleza pembeni ikauacha mpasuko nusu wazi.

Fundi alicheka kwanza. Baadaye akaacha kucheka. "Huyu hakufungua kitu. Ameinua mguu, akaingiza mkono akafunga. Alijua kabisa raba imepasuka, akaona atafute ya kwenda nayo kwanza."

Nikamuuliza maji yangeingiaje mpaka boti izame, maana kulikuwa na beringi pale. Akasema beringi si kizibo, beringi inapitisha. Maji yanajaa kwanza kwenye mvukuto, yanapita kwenye beringi kidogo kidogo, yanateremkia kwenye ngama. Boti ya namna hii ina pampu ndogo ya umeme chini, yenye kaboya kanakoelea. Maji yakifika kimo fulani inajiwasha, inatema nje, inazima. Mwenyewe umelala nyumbani hujui kitu. Kila usiku inafanya hivyo. Siku betri ikiishiwa nguvu, pampu inanyamaza, na kwa kuwa tundu liko nyuma na injini nzito iko nyuma, boti inakaa kitako. Ikishakaa kitako ukingo wa nyuma unazama, na hapo haihitaji tena mpasuko.

Inakaa kitako. Picha niliyoipiga mimi.

Sasa unajua, Juni kule ziwani ni msimu wa mwera, upepo wa kusini unaokuja na mawimbi ya maana, na ziwa Nyasa si la mchezo. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi ikaua watu wapatao 145. Kama boti ilizamishwa na mawimbi ingepigwa kutoka mbele ilikotia nanga, au ingekatika kamba ikatupwa ufukweni. Hata mimi ambaye si baharia ningeweza kujiuliza kwa nini imezama nyuma kwanza. Ningeweza pia kumuuliza mtu usiku ule palikuwa na upepo au hapana. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na kalamu, nilikuwa na soda.

Raba mpya ilitoka Dar es Salaam kwa basi, ndani ya boksi la sabuni. Na nashukuru niliona ikifungwa, kwa sababu nilikuwa nadhani kuziba ni kupaka gundi nyingi. Sivyo. Kazi kubwa ni kusafisha. Mdomo wa chuma ambao raba inakaa ni wa aluminiamu, na aluminiamu ikikaa na unyevu inatoa unga mweupe na kuchimbika vishimo. Alitumia asubuhi nzima kwenye ule mdomo: brashi ya waya kwanza, kisha msasa mnene, kisha msasa laini, kisha kitambaa chenye tinna, na kila akimaliza anapitisha ukucha akisikiliza kama unakwama. Ukucha ukikwama anarudia. Mimi ningekuwa nimefunga saa tatu na nimekwenda kunywa chai.

Nikamuuliza kwa nini hatupaki silikoni tukamaliza, nimeona watu wanapaka silikoni hata kwenye madirisha. Akasema silikoni ikiwa mbichi inateleza. Ukikaza klampu raba inakimbia, inatoka kwenye mfereji wake, na wewe unaona imebana kumbe imekaa upande. Alitumia gundi maalumu iliyokuja na raba, inafanana na ile ya mafundi viatu. Inapakwa pande zote mbili, kwenye raba na kwenye chuma, nyembamba. Halafu unasubiri. Dakika kama kumi, mpaka ukiigusa kwa kidole haikufuati. Wakati huo hakuna cha kufanya, tulikaa tukaangalia raba. Kisha anaisukuma mahali pake kwa mpigo mmoja, maana ikishashika haitoki, na ndani ya raba kuna tuta linalotakiwa kuingia kwenye mfereji wa chuma kuzunguka pote. Alilipapasa lile tuta kwa kidole gumba kuzunguka mara tatu, amefumba macho. Raba pia ina upande wa juu na wa chini. Alikuwa ameuweka alama ya chaki mapema ili asije akababaika gundi ikiwa tayari.

Klampu ziwe za chuma kisichoota kutu, nzima nzima, si zile za kupakwa rangi ya fedha ambazo zinauzwa mia tano. Na skrubu ya klampu iwekwe mahali bisibisi itafika siku nyingine bila kufungua mguu. Hilo nililipenda. Kuna mtu aliyefikiria siku nyingine.

Raba zilikuwa tatu kwa jumla. Ya pili kubwa ni ya ekzosi, hiyo ikipasuka inapiga kelele tu na moshi unatoka mapema, haizamishi mtu. Ya tatu ni ndogo kabisa, inafunika waya wa gia, na mafundi wengi huiruka kwa sababu inaudhi kuifikia. Fundi alisema hiyo ndogo inazamisha boti sawasawa na kubwa, ila kwa uvivu zaidi. Akaibadilisha pia. Beringi mpya ikagongwa mahali pake, akaipima kwa chuma kirefu alichochongewa hapo Mfaranyaki, akikipitisha kutoka nyuma mpaka kiingie kwenye injini bila kulazimishwa. Krosi mpya, grisi, gasketi, oringi, mguu ukarudi.

Alipomaliza akaniambia jambo moja ambalo nitakuachieni wenye boti, kama mpo: ukiegesha, shusha mguu. Watu hupenda kuuacha umeinuliwa wakidhani ndiyo usalama. Mguu ukiwa juu raba imekunjwa upande mmoja na kunyooshwa upande mwingine, jua linapiga, na inapasuka hapo hapo kwenye bonde la mkunjo.

Jioni ile nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba habari ya boti hii niliiandika mimi na niliandika kwamba ni mlinzi. Hakunishangaa sana. Aliendelea kufuta spana. "Sasa huyo mlinzi ulimpata?" Nikasema hapana. "Ulimtafuta?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi raba hii ya zamani ichukue wewe, mimi nilitaka kuitupa."

Nikaenda nayo ofisini ndani ya mfuko wa rambo. Nikampigia mhariri Dar es Salaam, nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, ni mtu mzuri, lakini aliniambia habari ya karibu miaka miwili haina pa kukaa, boti imeshauzwa, mwenye boti anaweza kutuburuza mahakamani kwa kusema alijua, na je nina ushahidi nani aliyefunga ile tyubu? Sina. Akanishauri niandike makala ya jumla kuhusu usalama wa vyombo vya majini, nianze na MV Bukoba ya 1996, nipitie Spice Islander ya 2011 na MV Nyerere ya 2018. Makala hiyo naweza kuiandika nimefumba macho. Ningekuwa na maiti mamia wa kunisaidia nisiongelee mtu mmoja aliye hai.

Tukaishusha boti Mbamba Bay mwanzoni mwa Aprili. Njia yote sasa ni lami, lakini ile miteremko ukiwa na tela nyuma unasali dini zote. Kule chini fundi alinihadithia, bila kuulizwa, kisa ambacho kila mtu wa ukanda ule anacho: kwamba pale Liuli, ambako Wajerumani waliita Sphinxhafen, meli yao ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa Agosti 1914, Waingereza wakaja na Guendolen wakaipiga mizinga, na kapteni Mjerumani akatoka na kamtumbwi kuuliza rafiki yake amelewa au vipi, kwa sababu habari za vita hakuwa amezipata. "Unaona," akasema, "chombo kikiwa gereji ndipo kinapopata ajali." Nikacheka kidogo.

Tukaiweka majini saa kumi jioni. Fundi akainama ndani, akafuta ngama kwa kitambaa mpaka ikawa kavu kabisa, akazima pampu makusudi. Kisha akaniomba gazeti. Nilikuwa nalo moja kwenye begi, gazeti letu. Akalichana kurasa, akazitandika chini ya ile beringi mpaka kwenye ngama, moja moja, kama anaalika wageni. Karatasi, alisema, haidanganyi, tone moja tu utaliona. Tukalala.

Saa kumi na mbili asubuhi tukafungua. Kurasa zilikuwa kavu. Moja ilikuwa imejikunja pembeni kwa umande tu. Mwenye boti mpya akampa fundi mkono, akampa na hela yake, wakaiwasha wakaondoka kuijaribu, kulia, kushoto, hakuna mngurumo. Mimi sikupanda. Nilikuwa nimeulizia tangu jana, na nilikuwa nimeshaelekezwa. Haikuchukua hata dakika ishirini kwa bodaboda. Kumtafuta mlinzi yule kulikuwa dakika ishirini.

Nilimkuta anaanika dagaa. Ni mtu mzima, wa rika la baba yangu mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

Nikajitambulisha jina na gazeti. Aliweka chini kapu lake. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Akamwita binti alete kigoda. Nikatoa ile raba kwenye mfuko, na tyubu, na waya. Aliichukua raba akaizungusha, akaingiza kidole kwenye mpasuko kama nilivyofanya mimi, akakitoa upande wa pili.

"Hii tyubu ilifungwa siku ya Jumatano," akasema. "Waliivuta boti hapa ufukweni. Tajiri alikuwa amesimama pale. Mimi nilishika mguu usishuke. Niliwaambia usiku nasikia pampu inalia kila saa, wakasema ndiyo kazi yake."

Nikamuuliza kuhusu usiku wenyewe. Akasema ni kweli hakuwepo. Aliondoka kama saa tano, mjukuu alikuwa na homa kali, akampeleka zahanati, akarudi alfajiri. Pombe hanywi, ni Mwadventista. Alipoondoka pampu ilikuwa inafanya kazi, akaamini itafanya kazi. "Kosa la kuondoka ni langu, sikatai. Lakini hata ningekuwepo, ndoo moja na giza..." Hakumalizia.

Nikamwambia nilikuja kuomba radhi, na kwamba gazetini nimeshindwa, mhariri amekataa, lakini nina mahali pangu pa kuandika ambapo hakuna wa kunikatalia, na kama ataniruhusu nitaandika bila kutaja jina lake. Akafikiri. Akasema jina halina haja, wa hapa wanamjua na wa huko hawamjui. Baada ya habari ile hakupata tena lindo popote, kila anakoomba wanasema wewe ndiye wa boti. Anasaidiana na mwanawe kwenye dagaa. Mjukuu alipona.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua lazima litakuja, nilikuwa nimeliandaa njia nzima na sikuwa na jibu.

"Gazeti letu halifiki huku. Ndugu yangu wa Songea alinisomea kwenye simu. Alifika pale mwisho akasoma kwamba mlinitafuta." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia. "Mlinitafuta wapi?"

Sikumtafuta, mzee. Ndivyo nilivyomwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Upepo ulianza kupanda kutoka ziwani, binti akaja kugeuza dagaa, na sisi tukamsaidia kushika turubai. Nilipoaga nikainama kukusanya vile vitu nivirudishe mfukoni. Akaweka mkono juu ya raba.

"Hii niachie."

Nikamwachia, pamoja na tyubu na waya wake.